Landrova Iliyovuja Kiangazi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana, nilishika ndoo ya mchanga. Nilikuwa nimetoka kwetu Mhunze na shati jeupe ambalo mama alilinyoosha kwa pasi ya mkaa, nikiamini kwamba mtu anayekwenda kuajiriwa na serikali lazima ang'ae. Fundi Mkuu wa karakana ya mkoa, Shinyanga, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akatikisa kichwa.

"Kijana, shati hilo leo ndiyo siku yake ya mwisho," akaniambia. "Chukua ndoo, nenda mtoni ukachote mchanga mweupe, uje uutandaze hapa chini ya magari."

Nilidhani ananitania, kumbe ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya sitini, karakana yetu ilikuwa paa la bati, nguzo, na mashimo mawili ya kuingia fundi ili aone tumbo la gari. Kila gari lililoletwa lililala juu ya mchanga safi. Asubuhi Fundi Mkuu, mzee mfupi wa Tanga aliyefunga miwani yake kwa uzi, alituita sisi wanafunzi wake tukachuchumaa kuzunguka madoa.

"Unaona nini hapo?" aliniuliza.

"Oili, mzee."

"Oili ya wapi?"

Nikainama kulitazama doa upya.

"Ukiniambia oili tu, ni sawa na mganga aseme mgonjwa anatoka damu, basi, akaenda zake kula. Inatoka wapi? Chovya kidole. Nusa."

Ndivyo tulivyofundishwa. Oili ya injini ni nyeusi, nyepesi, ina harufu ya kuungua. Ya giaboksi ni nzito na ina rangi ya asali. Ya difu, yaani lile tufe la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma, inanuka kama yai viza, ukiishika asubuhi utakula ugali na harufu yake mchana. Ya breki haina rangi, lakini ikidondokea bodi la gari inaibabua rangi. Kabla ya mwezi kwisha niliweza kuingia karakana nikiwa nimefumba macho na kuwaambia wenzangu gari gani linaumwa nini, nao walinicheka kwamba nimekuwa mbwa wa polisi.

Jambo la pili alilotufundisha Fundi Mkuu ni kwamba oili haiko pale unapoiona. Inashuka kwa uzito wake na inasukumwa nyuma na upepo wa safari, kwa hiyo ukiona tone chini ya giaboksi, kisa chake kinaweza kuwa mbele kabisa na juu kabisa. Njia yake ilikuwa hii: osha injini, ikaushe, ipulizie chokaa kavu kama unavyomnyunyizia mtoto poda, kisha endesha gari. Ukirudi, tafuta mahali chokaa ilipolowa kwanza. Sijaona njia nyingine iliyoishinda hiyo, na nimeona nyingi.

Alichukia sana fundi anayekaza bolti bila kutafuta. Kati ya chuma na chuma huwekwa gasketi, kipande cha karatasi ngumu au mpira cha kuzuia oili isipite. Ukikaza kupita kiasi gasketi hukatika, na mvujo mmoja unakuwa miwili. "Mikono yenu ni ya jembe," alituambia sisi Wasukuma. "Bolti si kisiki. Ishike kama unavyomshika mtoto wa watu." Tulicheka, lakini mikono ilijifunza. Mzee yule namwombea kila Jumapili.

Kutoka Shinyanga nilihamishiwa Kahama, nikakaa kidogo, nikaugua malaria sana, nikajifunza magari ya dizeli. Kisha nikahamishiwa Geita, katikati ya miaka ya sabini, nikiwa sasa fundi kamili mwenye sanduku langu la vifaa. Mkuu wa Karakana wa pale alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno. Ukimwambia umepata ugonjwa wa gari, yeye husema neno moja tu, "Nionyeshe," na kama huna cha kuonyesha unarudi shimoni.

Vipuri vilikuwa adimu miaka ile. Gasketi tulizikata wenyewe kwa mkasi kutoka kwenye maboksi ya sabuni, tukazipaka grisi, nazo zilishika. Vijana wa leo mnabadilisha injini nzima kama mtu anavyobadilisha betri ya tochi, na siwalaumu, lakini sisi tulilazimika kuijua injini kama mtu anavyomjua mke wake, maana hakukuwa na nyingine.

Hapo Geita ndipo nilipokutana na Landrova ya misheni.

Ilikuwa Landrova ndefu ya petroli, rangi ya kijani iliyofifia. Misheni moja ya upande wa Rwamgasa ilikuwa imeinunua kutoka kiwanda cha kuchambua pamba ili ibebe wagonjwa wa zahanati yao. Gari la mkono wa pili, lililokwisha kufanya kazi ya watu wengine miaka mingi. Misheni haikuwa na karakana, na kwa kuwa gari lilibeba wajawazito, wakubwa wa wilaya walituruhusu tulitengeneze.

Dereva wake alikuwa Mzee Nkwabi, mtu mwembamba aliyevaa koti zito hata jua likiwa utosini. Alikuwa amechunga ng'ombe mpaka utu uzima, akajifunza kuendesha akiwa na mvi, na gari lile alilipenda kuliko kawaida. Abiria akibamiza mlango, Nkwabi alishuka, akaufungua, akaufunga tena polepole ili abiria aone mlango unavyofungwa. Sisi mafundi tulimpenda kwa jambo moja: hakuwahi kuleta gari chafu. Magari mengine yalikuja na tope la tangu masika ya mwaka jana. Nkwabi alilala njiani kwenye kijito cha mwisho kabla ya mji, akaosha bodi, akaosha magurudumu, akafungua boneti na kuosha injini yote kwa sabuni na mafuta ya taa mpaka ungeweza kulia chakula juu yake.

"Mgonjwa hapelekwagi kwa mganga na jasho lake," alisema. "Anaogeshwa kwanza. Ni adabu."

Mara ya kwanza alilalamika kiangazi kimoja, msimu wa kuuza pamba. Kila safari oili ilipungua, na mkeka mweusi ulikuwa umetanda chini ya gari. Nikakagua, nikaona dalili kwenye sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayoziba pale krenkishafti, mhimili mkuu wa injini, unapotokea kwenda kwenye klachi. Kuibadilisha si mchezo, lazima ushushe giaboksi kwa mnyororo. Tuliishusha, tukasubiri sili kutoka Mwanza mpaka tukasahau kama tuliagiza, tukaifunga. Mvua zikaanza, gari likawa kavu kabisa, nikatembea kifua mbele.

Kiangazi kilichofuata likavuja tena. Tukabadilisha gasketi ya kifuniko cha tapeti juu ya injini, tukabadilisha na ya sampu, lile sinia la chini linalobeba oili. Masika yakaja, likawa kavu. Kiangazi cha tatu Nkwabi akarudi na uso wa mtu aliyefiwa. Tulilaza gari juu ya mchanga, asubuhi mchanga ulikuwa mweupe kama nilivyouacha. Nikapulizia chokaa, nikaliendesha mjini, hakuna kilicholowa. Mkuu wa Karakana akasema labda joto linaifanya oili kuwa nyepesi mno, tukaweka oili nzito zaidi. Wiki ile ile Nkwabi akarudi. Imepungua tena.

Ndipo akaja Sista Mganga. Hilo ndilo jina alilopewa na watu. Alikuwa mtawa muuguzi, Msumbwa wa Ushirombo, ndiye mkuu wa ile zahanati, na alikuwa na haraka ya mtu ambaye daima ameacha mgonjwa mahali.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," tukamsalimu.

"Milele Amina. Sikuja kusalimiana, baba zangu. Nataka neno moja. Gari langu linavuja au halivuji?"

Mkuu wa Karakana akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Hapa kwetu limelala kwenye mchanga, Sista. Hakuna hata tone."

"Basi oili inakwenda wapi?" Sauti yake ilishuka. "Kamati ya zahanati inasema inakwenda Rwamgasa, kwenye pampu za wachimbaji wa dhahabu. Kiangazi ndiyo wanachimba sana, na kiangazi ndiyo oili inapotea. Masika maduara yao, yale mashimo ya kuchimbia, yakijaa maji, oili yangu haipotei. Mimi nimemtetea Nkwabi miaka miwili. Sasa nimtetee kwa neno gani?"

Akaendelea kusema kwamba kamati ingekaa Jumapili baada ya misa, na kwamba kuna kijana hodari wa Tabora ameshaombwa aje kuendesha. Nilitazama nje. Nkwabi alikuwa amesimama karibu na gari, hatua chache tu kutoka dirishani, anafuta kioo kilichokuwa safi. Alikuwa amesikia kila neno. Mtu kufukuzwa kazi ni jambo la kawaida, atarudi shambani. Lakini mtu wa makamo yake, mwenye wajukuu, aitwe mwizi wa oili ya wagonjwa na watu anaosali nao! Kwetu huyo hata akifa, watu watakuja msibani kwa sababu ya chakula tu.

Nikamwambia Mkuu wa Karakana, "Mzee, hili gari sijawahi kuliona likiumwa. Naliona likiwa limeshaogeshwa. Niruhusu niende nalo."

"Nenda," akasema. "Ukipata, utanionyesha."

Sista alibaki mjini kusubiri dawa, angerudi na lori la ushirika. Sisi tukaondoka asubuhi, mimi na Nkwabi, na mfuko wangu wa chokaa miguuni. Nilijaribu kumchokoza, nikamwuliza habari za ng'ombe, akajibu "mhola," salama, akaendelea kutazama barabara.

Tulipofika mwisho wa nyumba za mji, pale barabara ilipogeuka unga mwekundu mtupu, Nkwabi aliegesha pembeni. Akashuka, akavuta mfuko wa kitambaa chini ya kiti, akafungua boneti. Nilifikiri anapima oili. Nikashuka nimwone. Alikuwa ameshika bonge la pamba, pamba ya shambani kwake, nyeupe, iliyotolewa mbegu kwa mkono, na alikuwa anaishindilia kwa kidole kwenye kifuniko cha kujazia oili, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda.

"Mzee Nkwabi, unafanya nini?"

"Naziba hili tundu, fundi. Vumbi lisiingie." Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mtu anavaa viatu. "Mtoto akiumwa sikio si huwa tunaweka pamba, upepo usimpige?"

"Umeanza lini kuweka?"

"Tangu tumelinunua. Niliona wameacha tundu wazi, nikasema hawa wa kiwandani hawakuwa na huruma."

"Na ukija karakana?"

"Naitoaga kule kijitoni nikiosha. Nikuletee gari na pamba chafu? Si ungesema sina adabu?"

"Na masika?"

"Fundi nawe! Masika kuna vumbi gani?"

Nilikaa chini hapo hapo kwenye vumbi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikauona uso wake, nikaacha.

Niwaeleze nyinyi kama nilivyomweleza yeye. Petroli inapolipuka ndani ya injini, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kushuka kule chini kwenye oili. Injini mpya hupenyeza kidogo. Injini iliyochoka, ringi za pistoni zikiwa zimelika, hupenyeza mwingi, na ile ilikuwa imechoka. Moshi huo lazima utoke nje, ndiyo maana waundaji waliacha tundu kwenye kifuniko, tuliloliita briza, na ndani yake wakaweka wavu wa waya wa kushika vumbi. Tundu halikuachwa kwa kukosa huruma. Ukiliziba, moshi unaminya oili, nayo inatafuta pa kutokea: leo kwenye sili, kesho kwenye gasketi, keshokutwa kwenye kijiti cha kupimia. Sisi tulikuwa tunaziba milango wakati ndani ya nyumba kuna fahali.

Sikutaka aniamini kwa maneno. Nilimwambia aache pamba mahali pake, aendeshe kama siku zote. Tulipofika nusu ya njia tukasimama, tukafungua boneti. Injini aliyoiosha juzi yake ilikuwa inang'aa kwa weusi, oili inatiririka ubavuni na kudondoka chini. Nilimpa kitambaa, nikamwambia aitoe pamba mwenyewe. Alipoichomoa, kifuniko kilitoa pumzi ndefu, *fyuuu*, akaruka nyuma. Tukafuta kila kitu, nikapulizia chokaa, tukaendelea na safari kwenye vumbi lile lile, bila pamba.

Misheni tulifika alasiri. Alizima gari, lakini hakushuka. Nilifungua boneti peke yangu. Chokaa ilikuwa na wekundu wa vumbi juu yake, lakini ilikuwa kavu kila mahali. Nilimwita aje aone. Alikuja, akagusa kwa kidole, akanusa kama nilivyofundishwa mimi Shinyanga, bila mtu kumwambia. Kisha akaketi kwenye bampa.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Oili yote ile. Ni mimi nimeimwaga njiani."

Nilimhurumia mno. Nikamwambia jambo ambalo lilikuja kirahisi: gari ni la mkono wa pili, lilitoka kiwanda cha pamba, pamba iko mpaka kwenye nyufa za viti. Tuseme pamba ilikuja nalo. Nani atabisha? Watu wa kiwandani wako mbali na hawatajua hata kama wametajwa.

Nkwabi alitikisa kichwa polepole.

"Wabeja, fundi. Nakushukuru kweli. Lakini kamati wananiita mwizi na mimi si mwizi. Nikisema hivyo unavyosema, watakuwa wamepata mwongo. Mwongo na mwizi si watoto wa mama mmoja? Afadhali wanione mjinga. Ujinga hata ng'ombe anao, na tunakaa naye nyumbani."

Jumapili kamati ilikaa katika chumba cha mafundisho, kwenye viti vidogo vya watoto, wazee wazima magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alikuwa mkulima mkubwa wa pamba wa pale, mwenye sauti nzito na mashine ya kusaga nafaka, na yeye ndiye aliyeshikilia sana habari ya wizi. Sista alikaa pembeni, mikono ameikunja. Nilitaka kusimama nieleze kitaalamu, Nkwabi akanishika mkono, akasimama yeye.

"Oili sikuiuza," akasema. "Niliimwaga. Nilikuwa naweka pamba kwenye tundu, fundi amenionyesha. Nilidhani nalitunza gari. Kumbe nalikaba koo. Ni hivyo tu, wazee wangu."

Mwenyekiti akakohoa. "Pamba? Kwenye tundu lipi?"

Nikawapeleka nje wote, nikafungua boneti, nikawaonyesha kwa pamba na bila pamba. Waliona oili ilivyoanza kuchomoza. Mwenyekiti aliinama muda mrefu kuliko wengine. Tuliporudi ndani alikaa, akasimama tena, akanisogelea, akaninong'oneza. Lakini sauti yake haikuwa ya kunong'ona, kila mtu alisikia.

"Fundi. Na mashine ya kusaga je? Nayo ina tundu la hivyo?"

"Ina tundu, mzee."

"Basi na mimi nimeiziba. Niliona Nkwabi anafanya, nikasema huyu anajua magari." Akafuta uso. "Na trekta ya mdogo wangu nayo tumeiziba."

Mzee mmoja nyuma alianza kucheka, akajaribu kujizuia, kiti kikamvunjikia, na hapo kamati nzima ikaangua kicheko, hata mwenyekiti. Wawili wengine waliungama kuhusu pikipiki na pampu ya dawa ya pamba. Nafikiri tarafa nzima ilikuwa imezibwa kwa pamba, kwa upendo.

Sista peke yake hakucheka. Alisimama, akamwendea Nkwabi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee wangu, moyoni mwangu nilishaanza kukuita mwizi. Nisamehe." Nkwabi, ambaye hakuwa amelia alipotukanwa, alilia hapo. Habari ya kijana wa Tabora haikutajwa tena. Niliporudi Geita nilimwonyesha Mkuu wa Karakana lile bonge la pamba jeusi, akaligeuzageuza, akatabasamu. Hakusema neno, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba. Tangu siku hiyo tulianza kuwauliza madereva sio tu gari linaumwa nini bali wanalifanyia nini njiani, na tulimwomba Nkwabi alete Landrova bila kuiosha. Alikubali, ingawa kila mara alisimama mbali akitazama kwingine kwa aibu, kama si lake.

Mimi kazi ile ilinipa zaidi ya hapo. Mwenyekiti alinialika nikaizibue mashine yake ya kusaga, na palipo na mashine ya kusaga pana mabinti wanaoleta nafaka na mabinti wa mwenye mashine. Binti yake aliitwa Kabula. Mashine ile iliharibika mara nyingi mno mwaka huo, na baba yake, ambaye hakuwa mjinga, mwishowe aliniuliza kama ninatengeneza mashine au ninatafuta ng'ombe wa kutoa. Nilitoa ng'ombe, nikamwoa. Jioni moja, tulipokuwa tumeshazoeana, nilimsimulia mkwe wangu jambo ambalo Nkwabi hakulisema kwenye kamati: kwamba nilimpa uongo mzuri wa kujiokoa nao, akaukataa. Mzee aliomba maji ya kunywa.

Sasa nimestaafu. Nilimalizia kazi Shinyanga nilikoanzia, nikiwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe, nikiwatuma vijana mtoni kuchota mchanga na kuona wanavyonung'unika. Waliniaga kwa soda, pilau na redio. Mikono yangu bado ina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa, na goti moja lilibaki katika shimo la karakana. Sina kinyongo na mtu. Wakubwa wangu walinifundisha kwa ukali wenye faida, na magari yalinilisha.

Lakini watoto wangu wakiniuliza ni gari gani ninalolikumbuka, nawaambia Landrova ya misheni, na wanajua sababu, maana ni yao.

Kabula alikwenda kujifungulia uzazi wake wa kwanza kwao, kama ilivyo desturi. Ilikuwa masika makubwa. Uchungu ulimshika asubuhi, na mkunga wa kijiji alipopapasa tumbo akatoka nje na kusema watoto ni wawili na mmoja ametanguliza miguu, yeye hawezi. Mimi nilikuwa Geita, sijui lolote. Nkwabi alifika na gari, lakini alipokwisha kuvuka, mto kati ya kijiji na zahanati ulifurika ukafunika daraja.

"Darajani hatupiti," aliwaambia. "Nitazungukia mbugani, nilikochungia. Maji ni mengi, lakini chini kuna changarawe, napajua. Tutachelewa, tutafika."

Mama mkwe alikataa. Majirani walikataa. Walisema gari litazama katikati ya mbuga na mgonjwa ndani, afadhali afie nyumbani kwao. Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka anasikia yote, ndiye aliyenisimulia. Anasema baba yake alisimama mlangoni, mvua inampiga mgongoni, akawanyamazisha watu kwa mkono.

"Mpandisheni," akasema. "Mtu huyu aliwahi kupewa uongo wa kumwokoa, akaukataa. Akisema anafika, anafika."

Walifika. Sista Mganga aliwapokea kwa mikono yake, Kulwa kwanza, kisha Doto kwa miguu, na mama yao akabaki hai. Nilipofika kesho yake kwa lori nilimkuta Nkwabi amelala kwenye benchi la zahanati, tope mpaka shingoni, na koti lake zito halipo. Lilikuwa limebaki mbugani chini ya gurudumu. Nilimwamsha nimshukuru, akanipiga begani, akalala tena.

Ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kulwa na Doto wana watoto wao. Na hivi ninavyoandika, Mama Kulwa ananiita kutoka jikoni kwamba ugali unapoa, na leo hataniita mara ya tatu.